Majina ya Watoto Yanavyokufikisha kwa Mababu: Mwongozo Kamili wa Kufuatilia Ukoo Ukiwa Dar es Salaam

Wengi wetu Dar tukitaka kujua asili yetu tunakimbilia kumtafuta babu wa babu. Tunamfuata mzee mmoja Temeke au Kigamboni, tunamuuliza mkubwa wa ukoo aliitwa nani, mzee anataja majina mawili matatu, kumbukumbu inakatika, na kazi inaishia hapo. Njia inayozaa zaidi ni kuanzia chini: andika watoto. Majina ya mababu wa familia nyingi hayakuandikwa popote, ila yalitolewa tena kwa wajukuu. Ukiwapanga ndugu wa tumbo moja kwa jinsi walivyofuatana, pamoja na waliokufa wachanga, unapata orodha ya wazee ambayo hakuna mtu aliyekusudia kuiacha.

Ndugu wote, tafadhali. Jina la mtoto mmoja halikufikishi popote, maana akina Selemani wamejaa kuanzia Bunju hadi Mbagala. Lakini ukikuta Shomari, Mwanahawa, Selemani na Zainabu wamezaliwa nyumba moja, halafu ukakuta majina matatu kati ya hayo katika nyumba nyingine kijiji cha jirani, hapo una jambo la kufuatilia.

Andika nyumba kwa nyumba

Chukua daftari kubwa. Toa ukurasa mmoja kwa kila mama, si kwa kila baba. Mwanamume aliyeoa wake wawili au aliyeacha na kuoa tena ana kurasa mbili, maana kila mama alikuja na wazee wake na majina yake. Ukiwachanganya watoto wa nyumba mbili kwenye ukurasa mmoja, mpangilio wote unapotea.

Kila mtoto mwandikie jina la cheti, jina la nyumbani, jina la dini, jina la utani kama lilishika, mwaka au msimu aliozaliwa, mahali alipozaliwa, nani alimpa jina, na somo wake ni nani, yaani mtu ambaye jina lilitolewa kwake. Sehemu mbili za mwisho ndizo zenye thamani kubwa, na ndizo watu huziruka.

Waliofariki wachanga hawatajwi hivi hivi. Ukimuuliza mama "Ulizaa wangapi?" utapewa walio hai. Uliza kwa kufuata ziwa: nani alimwachia nani ziwa? Pakiwa na nafasi ya miaka minne au mitano kati ya watoto wawili, uliza kwa upole kama kuna aliyetangulia mbele ya haki. Mama akinyamaza, acha. Mara nyingi shangazi au mama mdogo atakuja kukueleza baadaye, mkiwa peke yenu.

Nafasi nzuri ya kuuliza ni pale ndugu wanapokutana wenyewe: arobaini, kikao cha harusi, siku ya pili ya msiba wanaume wakiwa wamekaa nje kwenye turubai. Usilazimishe safari ya mahojiano kwa mzee anayeumwa. Kundi la WhatsApp la ukoo linasaidia kupata picha za vyeti na majina ya vijana, lakini habari za waliokufa zitafute uso kwa uso.

Sikiliza mtoto anaitwaje ndani

Mke wa pwani mwenye adabu zake hatamki jina la baba mkwe wake. Akijifungua mtoto wa kiume na mtoto akapewa jina la huyo mkwe, mama naye hawezi kusimama uani akaita "Kondo, njoo uoge!" Atamwita Babu, au Mzee, au Baba Mkwe, na mtoto atakua na jina hilo mpaka mtaa mzima umjue hivyo. Baba wa mtoto naye atamwita "baba", kwa kuwa kweli amebeba jina la baba yake. Msichana aliyepewa jina la bibi yake utasikia anaitwa Bibi, na babu yake anamtania "mke wangu".

Kwa hiyo ukikuta mtu mzima wa miaka hamsini Magomeni anaitwa Babu tangu utotoni, usiandike kuwa ni utani tu. Muulize mtu asiyebanwa na mwiko:

"Shikamoo shangazi. Huyu kaka mnayemwita Babu, jina lake hasa ni nani?"

"Marahaba, mwanangu. Huyo ni Kondo. Wifi yangu hawezi kumtaja, ndilo jina la marehemu baba yetu."

Kwa swali moja umepata jina la babu, upande alikotoka, na uthibitisho kuwa shangazi ni mtoto wa huyo babu. Jina la baba mkwe usimuulize mkwe. Waulize watoto wa mzee mwenyewe, au wajukuu.

Majina ya "Mama Fulani" na "Baba Fulani" nayo yaandike. Mtaani mama huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na jina hilo hubaki hata mtoto huyo akifariki. Mama anayeitwa Mama Asha, na kati ya watoto wake hakuna Asha, ana mtoto mmoja ambaye bado hujamwandika.

Tenganisha jina la kurithi na jina la tukio

Si kila jina limetoka kwa mzee. Yapo yanayoeleza siku, mwezi, hali au nafasi ya mtoto, nayo yana kazi yake.

Mosi, Pili na Tatu yanataja nafasi. Juma na Mwajuma ni wa Ijumaa, Hamisi na Mwanahamisi wa Alhamisi, Chausiku kazaliwa usiku. Mwanamvua ni mtoto wa mvua, Mwavita wa wakati wa vita. Tabu, Shida, Mashaka na Sikudhani yanasimulia hali ya mama au ya nyumba wakati ule, na mara nyingi nyuma yake kuna kifo au talaka ambayo watu wazima wanaikumbuka vizuri. Kutoka Usukumani, Kulwa na Doto ni mapacha, na Shija ni anayefuata mapacha. Ukikuta Shija katika orodha yako na hakuna mapacha kabla yake, kuna watoto wawili hawajaandikwa.

Majina ya miezi ya Kiislamu yanaweza hata kukupa mwaka. Mwezi wa Ramadhani hurudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka wa kalenda ya kawaida, hivyo hurejea msimu uleule baada ya miaka 33 hivi. Ulianza Aprili mwaka 1923, 1956, 1989 na 2022. Mzee akikwambia Ramadhani alizaliwa mwezi wa mfungo, masika ikiwa imepamba moto, na unajua alioa miaka ya 1980, basi unazungumzia 1956 au miaka ya jirani yake. Njia hii inafanya kazi pia kwa Rajabu na Shabani. Kwa wazee waliokadiriwa tu umri walipoandikishwa, huo ni msaada mkubwa.

Ila jina la tukio nalo hurithiwa. Juma anaweza kuwa amezaliwa Jumanne akapewa jina la babu yake Juma. Tatu anaweza kuwa mtoto wa sita aliyemrithi bibi yake Tatu. Ndiyo maana kila jina la namba au siku lisilolingana na orodha yako lina maelezo mawili: ama kuna mtoto anakosekana, ama kuna mzee mwenye jina hilo. Andika yote mawili, usichague mapema.

Mfano mmoja, hatua kwa hatua

Tuchukue familia ya kubuni. Marehemu Kondo Shomari aliishi Mbagala, mkewe Bi Chiku Selemani. Watoto waliopo ni Shomari, Tatu, Selemani na Zainabu. Mjukuu anataka kuwajua bibi zake wakubwa, mama yake Kondo na mama yake Chiku, na hakuna aliye hai anayekumbuka majina yao.

Anaanza na anachokijua. Shomari ni jina la baba yake Kondo, Selemani ni jina la baba yake Chiku. Kumbe nyumba hii iliwapa wavulana majina ya babu, wa baba kwanza, wa mama baadaye. Inawezekana sana wasichana nao walipewa majina ya bibi. Zainabu basi ni mmoja wa bibi wawili. Yupi?

Tatu anamsumbua. Katika orodha ni wa pili. Mjukuu anamuuliza mdogo wake Bi Chiku, naye anasema ndiyo, baada ya Shomari alizaliwa msichana, akafariki hajatimiza mwaka, akiitwa Mwanahawa. Sasa nafasi zimekaa sawa: Shomari, Mwanahawa, Tatu, Selemani, Zainabu. Na jina la bibi wa pili, ambalo lingepotea kabisa, lilikuwa kwa mtoto aliyezikwa mchanga.

Hapo bado hajui Mwanahawa ni wa upande gani. Anageukia nyumba za jirani. Kaka yake Kondo aliyebaki Kisarawe alizaa Mwanahawa pia, na dada yake Kondo ana mjukuu Mwanahawa. Kwa ndugu zake Bi Chiku hakuna Mwanahawa hata mmoja, ila akina Zainabu wako watatu. Basi dhana yake inasimama hivi: mama yake Kondo aliitwa Mwanahawa, mama yake Chiku aliitwa Zainabu.

Akomee kwenye dhana. Kilichobaki ni kupata ushahidi wa pili usiotokana na majina: mzee wa Kisarawe atakayetaja jina bila kutajiwa kwanza, jalada la mirathi, au cheti cha kifo. Hilo la kutomtajia mzee jina ni muhimu. Ukimuuliza "Mama yake Kondo alikuwa Mwanahawa, eti?" atakuitikia kwa ukarimu tu. Muulize "Mama yake Kondo alikuwa nani?" kisha kaa kimya.

Kanuni ya nyumba yenu itafute kwenu

Utasikia watu wakisema kabila fulani hufanya hivi. Kwa Wachaga wengi mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na wasichana vivyo hivyo kwa bibi. Ni mwanzo mzuri. Lakini Dar watu wameoana kutoka kila mkoa, na mume wa Rombo aliyeoa Ilala kwa Wazaramo amefanya maafikiano ambayo hayajaandikwa kwenye mila yoyote. Chukua nyumba tatu nne za ukoo wenu ambazo majina ya babu na bibi unayajua kwa hakika, linganisha na watoto, uone ninyi mlifanyaje. Kisha itumie kanuni hiyo kurudi nyuma kwenye kizazi usichokijua.

Uliza pia kama kwenu mtoto hupewa jina la mtu aliye hai. Familia nyingine huona ni heshima mzee kumshika wajina wake mikononi, nyingine husubiri mzee afariki. Kama kwenu husubiriwa, mtoto Kondo aliyezaliwa 1962 anakuonyesha kuwa mzee Kondo alikuwa ameshafariki mwaka huo.

Na usisahau watoto waliobadilishwa majina. Mtoto akilia usiku na mchana au akiugua bila kupona, wazee wengi walisema anataka jina, wakamtajia majina ya waliotangulia mpaka anyamaze. Cheti kitasema hili, nyumbani ataitwa lile, na lile la nyumbani ndilo la mzee.

Majina ya ukoo yana taratibu zake. Kwa Wanyakyusa jina la Mwa- hubaki vizazi na vizazi, kwa hiyo habari za babu zitafute zaidi katika majina ya kwanza. Wasambaa wana She-, Wazigua wana Se-. Kwa Wahaya ndugu wa baba na mama mmoja wanaweza kuwa na majina ya Kihaya yasiyofanana kabisa, usiwatenge kwa sababu hiyo. Kwa Wazaramo na Waluguru, ambao ukoo wao hufuata mama, usije ukashughulika na upande wa baba tu kwa kuwa ndio ulioandikwa kwenye kitambulisho.

Majina yanayopishana

Hapa ndipo chati nyingi huharibika. Mfumo wetu wa majina matatu, la mtu, la baba na la babu, ukichanganywa na kawaida ya kumrithisha mjukuu jina la babu, unazaa mstari huu: Kondo Shomari, mwanawe Shomari Kondo, mjukuu Kondo Shomari, kitukuu Shomari Kondo. Karatasi ya mwaka 1938 yenye jina la Kondo Shomari na nyingine ya 1990 yenye jina hilohilo ni za watu wawili, babu na mjukuu.

Watenganishe kwa jina la mama, mke, kijiji na kazi. Kwenye daftari lako wape alama, Kondo wa kwanza, Kondo wa pili. Vivyo hivyo kwa binamu: mzee Shomari akiwa na wana watano, tegemea akina Shomari watano wa umri unaokaribiana. Hilo linachosha, lakini pia ni habari njema, maana wajina wengi wa rika moja ni dalili ya babu mmoja.

Jina likitokea mara mbili kwa mama mmoja, kwa kawaida wa kwanza alifariki na mwingine akapewa nafasi yake.

Nyaraka za kuthibitisha

Jalada la mirathi ndilo ninaloliweka juu ya yote. Muhtasari wa kikao cha ukoo unaopelekwa mahakama ya mwanzo kumthibitisha msimamizi wa mirathi hutaja wajane, watoto na wakati mwingine ndugu wa marehemu, tena wameandika watu wanaofahamiana. Nakala mara nyingi ziko nyumbani, ndani ya bahasha ya kaki kabatini kwa yule aliyekuwa msimamizi. Anzia hapo kabla ya kwenda mahakamani.

Vitabu vya ubatizo vinafuata. Vinaonyesha wazazi na msimamizi wa ubatizo, na mtoto huenda alipewa jina la msimamizi, si la babu. Katika vitabu vya Katoliki, pembeni ya jina huongezwa baadaye kipaimara na ndoa, hivyo mstari mmoja unaweza kukupeleka parokia nyingine kabisa. Vya zamani hutumia Kilatini: Joannes ni Yohana, Josephus ni Yosefu. Kama wazee walitoka Kisarawe au Maneromango, uliza Walutheri. Kama walipita Bagamoyo, misheni ya Katoliki ipo pale tangu 1868. Nenda na barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa na jina la parokia hasa, si "kanisa la zamani la mjini".

Vyeti vya kuzaliwa na vifo viko kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA. Ni vya kuaminika kwa vizazi vya karibuni. Kabla ya uhuru Waafrika wengi hawakusajiliwa, kwa hiyo usitegemee sana. Nyaraka za Taifa pale Upanga zina majalada ya serikali ya Wajerumani na ya Waingereza. Utanufaika kama babu alikuwa jumbe, akida, askari au mtumishi, la sivyo utachoka bure. Makaburi ya Kisutu na Kinondoni yapitie ukiwa na mwenyeji anayejua nani kalala wapi.

Tahajia zibadilishe unapotafuta: Athumani, Othman, Asumani, Selemani na Suleiman, Hamisi na Khamis, Mariamu, Maria na Mary. Karani aliandika alivyosikia.

Kuna jambo moja ambalo vyeti havitakwambia. Wapo watu wazima wengi waliorudia darasa la saba kwa jina la mwanafunzi mwingine, wakasoma sekondari kwa jina hilo, wakaajiriwa kwa jina hilo, na watoto wao wakalibeba kama jina la ukoo. Majina ya baba na babu kwenye karatasi zao ni ya familia isiyo yao. Ukiona jina la ukoo limejitokeza ghafla na halimo kwa ndugu yeyote, uliza faragha kama ni jina la kusomea, na jibu hilo libaki kwako.

Unavyoandika na unavyotunza

Kila uhusiano uwekee alama: uliothibitishwa na nyaraka, uliosimuliwa na watu wawili wasioambizana, au unaotokana na majina tu. Wa aina ya tatu uchore kwa mstari wa nukta. Chati yenye nukta nyingi ina heshima zaidi kuliko chati iliyojazwa kwa kubahatisha, kwa sababu atakayekuja nyuma yako atajua wapi pa kuchimba.

Utakutana na watoto wa nje ya ndoa, watoto wa kulea walioitwa jina la mlezi, na mababa wawili wanaodai mtoto mmoja. Andika ulichoambiwa na nani kakuambia, usitangaze kwenye kundi. Chati ya majina isitumiwe kudai kiwanja wala kumwondoa mtu kwenye mirathi. Hilo ni la kikao cha ukoo na mahakama. Na taarifa za walio hai zisiwekwe intaneti bila ridhaa yao. Namba ya NIDA yenye tarakimu 20 huanza na tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo ukipiga picha kitambulisho kwa ajili ya jina, funika namba. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria, ndugu akiona namba yake imezagaa hatakupa tena habari.

Kama unaanza wiki hii, anza na ukurasa wa mama yako. Waandike ndugu zako wote, waliopo na waliotangulia, na kando ya kila mmoja somo wake. Ukurasa wa pili uwe wa bibi mzaa mama. Mahali pa kwanza utakapokosa somo wa mtoto, hapo ndipo pa kumpigia simu shangazi.